Profesa Baden Powell na Swali la Nuru

Mjini Nyeri, katika makaburi ya Kanisa la Mtakatifu Petro, kuna kaburi ambalo maskauti kutoka pembe nyingi za dunia huja kulizuru. Aliyelala humo ni Robert Baden-Powell, mwasisi wa uskauti, aliyefariki tarehe 8 Januari 1941 katika Paxtu, nyumba yake ndogo iliyo kwenye bustani ya hoteli ya Outspan. Kwenye jiwe pamechongwa duara lenye nukta katikati, ishara ambayo katika njia za maskauti hujulisha kwamba aliyeiweka amekwisha kwenda nyumbani. Wakazi wa Nyeri wanalijua jina hilo, na hata mwanafunzi wa shule ya msingi aweza kulitaja. Wachache mno, hata hivyo, wanajua kwamba jina lenyewe lilikuwa na mwenyewe kabla ya skauti huyo. Baden halikuwa jina la ukoo. Lilikuwa jina la kwanza la baba yake, na Powell ndilo lililokuwa la ukoo. Mjane wake aliyaunganisha mwaka 1869, miaka tisa baada ya kumzika mumewe, ili watoto waendelee kumbeba baba yao katika jina.

Baba huyo hakuwa mwanajeshi wala mwindaji. Alikuwa kasisi na mwanahisabati, na katika Uingereza ya miaka ya 1830 na 1840 alijulikana kwa kushughulikia mojawapo ya maswali magumu kabisa ya fizikia ya wakati huo: nuru ni kitu gani? Je, husafiri kama miale iliyonyooka mithili ya mshale, au husambaa kama mawimbi juu ya maji?

Baden Powell alizaliwa tarehe 22 Agosti 1796 huko Stamford Hill, kaskazini mwa London, katika ukoo uliokuwa na mali ya kutosha. Alisoma katika Chuo cha Oriel, Oxford, akafuzu hisabati kwa daraja la kwanza mwaka 1817. Kama ilivyokuwa desturi kwa wasomi wengi wa Oxford, aliingia katika utumishi wa kanisa, na mwaka 1821 akapewa parokia ya Plumstead katika jimbo la Kent. Huko hakukaa akisubiri Jumapili tu. Alifanya majaribio juu ya joto lisafirilo pamoja na nuru, akichunguza ni kwa nini kioo hupitisha joto la jua na wakati huohuo huzuia sehemu kubwa ya joto la chuma kilichopashwa moto bila kuwaka. Mwaka 1824 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya London, na mwaka 1827 akateuliwa kuwa profesa wa jiometria mjini Oxford, cheo alichokishika kwa miaka 33 hadi alipofariki.

Alipofika huko alishauriwa asitoe mhadhara wa kujitambulisha, kwa kuwa bila shaka hapangekuwa na wa kumsikiliza. Oxford ya wakati huo ilithamini Kigiriki, Kilatini na teolojia, na hisabati ilitazamwa kama mapambo tu. Jambo hilo lilimuuma Powell, na miaka iliyofuata aliitumia kwa kiasi kikubwa kudai kwamba elimu ya sayansi ipewe nafasi yake katika chuo.

Ili kuifahamu kazi yake, yafaa kwanza kuielewa elimu ya miale aliyoirithi. Mfano wake hauhitaji maabara. Katika jiko lililoezekwa kwa mabati huko Othaya au Karatina, tundu moja la msumari hutosha kuingiza mstari mnyoofu wa nuru, na moshi wa kuni huudhihirisha mstari huo kutoka paani hadi sakafuni. Pale uangukapo pana doa la mviringo, hata kama tundu lenyewe lina pembe, kwa sababu doa hilo ni taswira ya jua lenyewe. Mtaalamu aliyeliweka jambo hili katika misingi ya kisayansi ni Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliyefanya kazi jijini Kairo katika karne ya kumi na moja. Kitabu chake kikuu kinaitwa Kitab al-Manadhir, na msomaji wa Kiswahili hatakosa kulitambua humo neno letu mandhari. Alionyesha kwamba jicho halitoi miale ya kwenda kuvitafuta vitu, kama walivyodai baadhi ya Wagiriki, bali ni nuru itokayo kwenye vitu iingiayo machoni.

Elimu ya miale ina kanuni chache na nguvu nyingi. Mwale ukigonga kioo cha kujitazamia hurudi kwa pembe ileile uliyojia. Ukitoka hewani kuingia majini hupinda, ndiyo maana fimbo iliyotumbukizwa katika Mto Chania huonekana kana kwamba imevunjika pale igusapo maji. Kwa kanuni hizo mbili tu zimetengenezwa miwani, darubini na kamera. Kwa kanuni hizohizo Descartes alieleza upinde wa mvua mwaka 1637: mwale huingia katika tone, hupinda, huakisiwa upande wa nyuma wa tone, kisha hupinda tena utokapo, na miale mingi hukusanyika kwenye pembe ya takriban digrii 42. Hesabu hiyo inaeleza hata saa za upinde. Kwa kuwa Nyeri i karibu na Ikweta, jua hupanda upesi likapita digrii 42, hivyo mtu aliyesimama mahali tambarare hauoni upinde tangu kama saa tatu na nusu asubuhi hadi karibu saa tisa na nusu alasiri. Hapo ndipo mvua za alasiri huanza kuupamba upande wa mashariki wa mji.

Lakini atazamaye upinde ulio angavu kwa makini huona jambo ambalo Descartes hakuweza kulieleza. Ndani ya ukingo wa zambarau mara nyingine hujitokeza mistari myembamba ya waridi na kijani, mmoja chini ya mwingine, iliyo hafifu mno. Kwa miale peke yake mistari hiyo haina mahali pa kutoka. Thomas Young ndiye aliyeifumbua mwaka 1804. Miale miwili yaweza kutoka kwenye tone ikielekea upande mmoja baada ya kusafiri masafa yasiyolingana ndani yake. Ikiwa nuru ni mawimbi, basi kilele cha wimbi moja kikikutana na kilele cha jingine nuru huzidi, na kilele kikikutana na bonde nuru hufifia. Hali hiyo huitwa mwingiliano wa mawimbi, na yeyote aliyeona petroli iliyomwagika juu ya maji ya mvua katika kituo cha matatu ameiona, ingawa huenda hakujua jina lake. Rangi zile hazitokani na petroli. Hutokana na nuru iliyoakisiwa juu ya utando na ile iliyoakisiwa chini yake zikikutana na kugombana.

Nadharia ya mawimbi ilikuwa imependekezwa na Huygens katika karne ya kumi na saba, ikafunikwa na heshima aliyokuwa nayo Newton, ambaye aliona nuru kuwa chembe zirushwazo. Iliinuliwa na Young, kisha Mfaransa Fresnel akaipa hisabati kamili. Swali la kawaida la wapinzani lilikuwa hili: mawimbi ya bahari hupita kwenye mlango wa bandari kisha husambaa pande zote, mbona nuru ipitayo mlangoni haisambai, bali huacha kivuli chenye ukingo mkali? Jibu lilikuwa katika udogo wa mawimbi yenyewe. Wimbi la nuru nyekundu lina urefu wa karibu sehemu saba za elfu kumi za milimita, na la zambarau karibu sehemu nne. Mlango ni mpana mno kwa wimbi dogo namna hiyo, na kusambaa kwake hakuonekani. Tundu likiwa jembamba kama unywele, nuru nayo husambaa. Kwa hivyo mwale si kitu kilichoshindwa na wimbi. Ni namna wimbi linavyojionyesha pale vitu vinavyolizunguka vinapokuwa vikubwa kulishinda.

Powell alizichunguza hoja hizi, akaikubali nadharia ya mawimbi. Kikwazo kimoja kikubwa kilikuwa kimesalia, na wapinzani, hasa Mskoti David Brewster, walikishikilia kwelikweli. Newton alikuwa ameonyesha kwamba mche wa kioo hutawanya nuru nyeupe ikawa rangi za upinde, kwa kuwa zambarau hupinda zaidi kuliko nyekundu. Kwa lugha ya mawimbi, maana yake ni kwamba ndani ya kioo mawimbi mafupi huenda polepole kuliko marefu. Lakini sauti, ambayo nayo ni mawimbi, haifanyi hivyo: ngoma na zumari zikipigwa pamoja ng'ambo ya bonde, humfikia msikilizaji pamoja. Kwa nini basi nuru itofautiane? Nadharia isiyoweza kueleza rangi za mche wa kioo, jambo ambalo kila mtoto aliweza kuliona, ilikuwa hatarini kutupwa.

Mfaransa Cauchy alipendekeza njia. Wakati huo wataalamu waliamini kwamba nuru husafiri katika kitu kisichoonekana kilichoitwa etha. Cauchy alisema kwamba ikiwa etha ina chembe zilizoachana kwa umbali usio mdogo sana ukilinganishwa na urefu wa wimbi, basi kasi itategemea urefu huo. Ilikuwa fikra nzuri, ila fikra haitoshi bila tarakimu, na ni hapo Powell alipoingia. Mjerumani Fraunhofer alikuwa ameona mistari myeusi ndani ya utepe wa rangi za jua, akaipa saba kati yake majina ya herufi, B hadi H, na akapima kwa usahihi mkubwa jinsi nuru ya kila mstari inavyopinda katika aina mbalimbali za kioo na vimiminika. Powell alichukua vipimo hivyo, akafanya hesabu ndefu kwa mkono, akavilinganisha na kile kilichotabiriwa na nadharia. Matokeo aliyachapisha katika jarida la Royal Society kuanzia mwaka 1835, na mwaka 1841 akayakusanya katika kitabu juu ya nadharia ya mawimbi na utawanyikaji wa nuru.

Hesabu zilikubaliana na vipimo kwa maji na kwa vioo vya kawaida. Wengine wangesimama hapo na kupokea sifa. Powell aliendelea kupima mwenyewe, akitumia miche mitupu iliyojazwa vimiminika vinavyotawanya rangi kwa nguvu, na miongoni mwavyo mafuta ya kasia, mti wa jamii ya mdalasini. Huko ndiko nadharia ilikolegea. Kwa mafuta hayo tofauti kati ya hesabu na kipimo ilikuwa kubwa kuliko iwezavyo kusingiziwa mkono wa mpimaji. Powell aliitangaza tofauti hiyo pamoja na mafanikio yake. Hili pengine ndilo tendo lake bora kuliko yote, ingawa si lililompatia umaarufu.

Mwaka 1848 alikuta jambo jingine. Alitumbukiza kipande cha kioo chembamba ndani ya mche mtupu uliojaa kimiminika, na tazama, utepe wa rangi ukakatwa na mistari ya giza iliyopangika kama ngazi. Sehemu ya nuru ilikuwa imepita katika kioo na sehemu nyingine kandokando yake katika kimiminika. Moja ilicheleweshwa kuliko nyingine, na zilipokutana baadhi ya rangi zilizimana. Hisabati ya mistari hiyo iliandikwa mwaka huohuo na George Stokes wa Cambridge, ambaye jina lake limedumu kuliko la Powell. Miaka miwili baadaye huko Ufaransa, Foucault alipima na kuona kwamba nuru huenda polepole majini kuliko hewani, kinyume cha utabiri wa wafuasi wa chembe. Ubishi ukawa umekwisha, angalau kwa karne hiyo.

Nyumbani kwake hapakukosa msiba. Mke wa kwanza alifariki mwaka 1836 na wa pili mwaka 1844. Mwaka 1846 alimwoa Henrietta Grace Smyth, msichana wa miaka ishirini na ushei, binti wa Admirali William Henry Smyth aliyekuwa mnajimu mashuhuri. Ndugu ya Henrietta, Charles Piazzi Smyth, alikuwa mnajimu wa kifalme wa Uskoti. Hivyo mazungumzo ya mezani yalikuwa juu ya nyota, lenzi na rangi. Kati ya watoto wao, mmoja alizaliwa tarehe 22 Februari 1857, akapewa jina la Robert Stephenson kwa heshima ya mhandisi wa reli aliyekuwa baba yake wa ubatizo.

Katika miaka hiyo hiyo Powell alizidi kujiletea maadui. Kuanzia 1850 alikuwa mjumbe wa tume ya serikali iliyochunguza Oxford na kupendekeza mageuzi, jambo lisilowapendeza wakuu wa vyuo. La kuwaudhi zaidi wengi lilikuwa msimamo wake juu ya dini. Akiwa bado kasisi, alishikilia kwamba maumbile yanaendeshwa na kanuni zisizovunjwa, na kwamba imani ya Kikristo haifai kujengwa juu ya miujiza kana kwamba ni ushahidi wa mahakamani. Aliyeshinda siku nyingi akiona nuru ya jua ikitii kanuni moja katika kioo, maji na mafuta hakuona jinsi ya kuweka mpaka na kusema kwamba kanuni hufika hapa na si pale. Mwaka 1855 aliandika kwamba hata kutokea kwa spishi za viumbe kuna kanuni zake za kimaumbile, na Darwin baadaye akamtaja kwa heshima miongoni mwa waliomtangulia. Waliomwona Powell kuwa msaliti wa kanzu yake walikuwa na hoja yao: kasisi huapa kulinda mafundisho fulani, na ni halali kumwuliza anabaki kanisani kwa sababu gani. Yeye aliamini kwamba kulitoa kanisa katika ubishi na sayansi ndiko kulilinda.

Mapema mwaka 1860 kilitoka kitabu cha insha saba, Essays and Reviews, kilichoandikwa na waandishi saba, sita kati yao wakiwa makasisi. Insha ya Powell ilikuwa juu ya ushahidi wa Ukristo, na ndani yake aliisifu kazi ya Darwin iliyokuwa imechapishwa miezi michache tu kabla. Kitabu kiliwasha moto. Waandishi wawili walishtakiwa katika mahakama ya kanisa, wakapatikana na hatia mwaka 1862, na kuachiliwa katika rufani mwaka 1864. Powell hakushtakiwa, kwa kuwa hakuwapo tena wa kushtakiwa. Alifariki kwa maradhi ya moyo jijini London tarehe 11 Juni 1860, akiwa na umri wa miaka 63, siku 19 kabla ya mdahalo maarufu wa Oxford juu ya Darwin, ambao alitazamiwa kuwa miongoni mwa wakuu wa jukwaani. Alizikwa katika makaburi ya Kensal Green. Mtoto wake mdogo kabisa alikuwa na wiki tatu, na Robert alikuwa na miaka mitatu.

Nadharia aliyoitetea nayo iliendelea na safari bila yeye. Maxwell alionyesha katika miaka ya 1860 kwamba nuru ni mawimbi ya umeme na sumaku. Etha ilitupwa baada ya majaribio ya 1887 na kazi ya Einstein ya mwaka 1905, na mwaka huohuo Einstein akairejesha fikra ya chembe kwa sura mpya, hata fizikia ikalazimika kuzishika zote mbili. Kanuni ya Cauchy imebaki katika maabara kama njia fupi ya kukadiria jinsi kioo kinavyopinda kila rangi, ijapokuwa sababu aliyoitoa Cauchy, na Powell akaisumbukia, haikuwa ya kweli.

Robert hakuingia Oxford, mahali baba yake alipofundisha kwa miaka 33. Alikwenda jeshini. Wakati mji wa Mafeking ulipozingirwa na Makaburu kwa siku 217, kuanzia Oktoba 1899, taa moja ya gesi yenye kiakisi cha bati ilihamishwa usiku kutoka ngome hadi ngome ili adui adhani kila ngome ina kurunzi yake. Hiyo ni elimu ya miale katika matumizi yake ya kijeshi, na pengine ndipo mahali pekee ambapo kazi ya mwana iliisogelea ya baba.

Mwaka 1938 mzee huyo, akiwa na umri wa miaka 81 na moyo uliochoka, alihamia Nyeri pamoja na mkewe Olave. Alishinda akiandika na kuchora wanyama na ndege kwa rangi za maji. Kutoka Nyeri, Mlima Kenya uko upande wa kaskazini-mashariki, kwa hiyo alfajiri huonekana kama kivuli tu mbele ya anga jeupe, ilhali watu wa Chuka na Meru ndio wanaouona ukimulikwa. Zamu ya Nyeri huja jioni. Nuru ya jua litualo hupita katika hewa nyingi zaidi kabla ya kufika kwenye barafu ya Batian, na njiani mawimbi mafupi ya buluu hutawanywa kwanza, yakabaki marefu, mekundu, ambayo huugeuza mlima rangi ya waridi kwa dakika chache. Maelezo hayo yalitolewa na Rayleigh mwaka 1871, miaka 11 baada ya Profesa Powell kuzikwa. Kaburi la mwanawe limeelekezwa huko mlimani.